Jibu Hili ni la Swali Lipi?

Sisi wapima ardhi hatuiamini namba iliyo safi kupita kiasi. Kijana akirudi kutoka porini, amezunguka na theodolaiti bikoni hadi bikoni mpaka akarejea pale alipoanzia, halafu hesabu zake zikafunga bila hata milimita moja ya tofauti, mkubwa wake hampi mkono wa pongezi. Anamwambia alete daftari la vipimo. Utepe wa chuma hurefuka kwa jua, jicho huchoka, miguu ya chombo huzama kidogo kwenye udongo mbichi. Mzunguko usio na kosa lolote maana yake ni kwamba mtu amekaa chini ya mwembe akazipika namba.

Nimeishi na makosa madogo ya aina hiyo muda wote wa utumishi wangu serikalini, kwanza kwa kitabu cha majedwali na mashine ya kukokotoa ya kuzungusha kwa mkono, baadaye kwa kompyuta. Ndiyo maana katika watu wote waliopata kushughulika na hisabati, ninayemhesabu kuwa mwenzangu wa kazi si Euclid wala Newton. Ni Mwingereza mmoja aliyeitwa James Hardy Wilkinson. Wasomaji wengi hawajapata kulisikia jina hilo. Hata hivyo, mhandisi anayesanifu daraja kwa kompyuta leo, popote alipo, anategemea mambo ambayo Wilkinson aliyathibitisha kwa kalamu na karatasi.

Kabla sijamweleza mtu huyu, nieleze kwanza tatizo lake. Kompyuta haijui namba zote. Inajua namba zenye tarakimu kadhaa tu, na inayozidi hapo inaikata au inaifupisha. Gawa 1 kwa 3 upate 0.3333, na hapo hapo umeshaacha kipande nje. Kompyuta haihesabu kwa makumi kama sisi, inahesabu kwa mbili mbili, na kwa mtindo huo hata 0.1 haiandikiki ikakamilika. Kipande kinachoachwa ni kidogo mno, mtu angeweza kukipuuza. Tarehe 25 Februari 1991, wakati wa vita vya Ghuba, mtambo wa Marekani wa kutungua makombora uliokuwa Dhahran, Saudi Arabia, ulikuwa umewashwa kwa takriban saa 100 mfululizo. Saa yake ya ndani ilihesabu sehemu za kumi za sekunde, na kila sehemu ilikuwa imekatwa kidogo. Kwa saa zote hizo vipande vilijumlishana vikafika kama theluthi moja ya sekunde. Kombora la Scud husafiri zaidi ya nusu kilomita ndani ya muda huo. Mtambo ukalitafuta kombora mahali ambapo halikuwapo, nalo likaangukia kambi na kuua askari 28.

Kwa hiyo kuna kosa dogo lisilomdhuru mtu na kuna kosa dogo linaloua. Yote mawili yana sura moja. Kuyatofautisha kabla hujaianza kazi ndilo jambo ambalo Wilkinson alilipa maisha yake.

Alizaliwa tarehe 27 Septemba 1919 huko Strood, katika jimbo la Kent, kusini-mashariki mwa Uingereza. Wazazi wake walikuwa na biashara ya maziwa, na biashara hiyo ikaanguka. Kichwa cha mtoto ndicho kilichomfungulia njia: akiwa na miaka 11 alipata ufadhili wa kusoma shule ya hisabati ya Rochester, na akiwa na miaka 16 tu alikwisha kushinda nafasi ya ufadhili Trinity College, Cambridge. Huko alifundishwa na mabingwa wa zama zake, akiwamo G. H. Hardy, ambaye alijivunia hadharani kwamba hisabati aliyoifanya haikuwa na faida yoyote kwa mtu yeyote, hasa katika vita. Wilkinson alihitimu daraja la kwanza mwaka 1939. Vita vikaanza mwaka huo huo, na mwanafunzi wa Hardy akapelekwa kukokotoa njia za mizinga na nguvu za baruti.

Vifaa vyao vilikuwa mashine za mezani aina ya Brunsviga. Aliyepata kuitumia mashine ya namna hiyo hawezi kuisahau. Ya kwetu ilikuwa Facit ya Sweden. Unapanga namba kwa vidole, unazungusha mpini mara kadhaa, unasogeza kigari nafasi moja, unazungusha tena, kisha unaandika jibu kwa penseli. Unairudia kazi hiyo kutwa nzima. Vijana wa leo hunionea huruma nikiwasimulia. Hawajui kwamba mashine ile ilikufundisha jambo ambalo kompyuta inakuficha: uliiona kila namba ikipita mikononi mwako, ikikua au ikisinyaa, na ukikata tarakimu ya mwisho ulijua kwamba umeikata wewe.

Wakati wa vita Wilkinson alipewa milinganyo 12 yenye namba 12 zisizojulikana. Njia ni ile ile ya sekondari ya kutafuta x na y: unatumia mlinganyo mmoja kuifuta x kwenye mingine, kisha wa pili kuifuta y, unateremka hivyo hadi unabakiwa na mlinganyo mmoja wenye herufi moja, halafu unapanda kurudi juu. Alifanya kazi yote kwa desimali 10. Alipofika chini kabisa aliona namba iliyobaki imesinyaa hadi karibu na 0.0001, ikamjia kwamba tarakimu nne zimeshapotea na jibu litakuwa bovu. Aliporudisha majibu kwenye milinganyo ya mwanzo ili kuyahakiki, yakakubali karibu mpaka desimali ya 10. Alishangaa, lakini vita havikumpa nafasi ya kuulizia sababu.

Mwaka 1946 alihamia Maabara ya Taifa ya Fizikia iliyoko Teddington, pembeni mwa London. Ni taasisi ya serikali, na Wilkinson alibaki mwajiriwa wake mpaka alipostaafu mwaka 1980. Jambo hili linanifurahisha, kwa sababu watu hupenda kudhani kwamba ugunduzi hutoka vyuo vikuu peke yake. Nusu ya muda wake alipangiwa kitengo cha mashine za mezani. Nusu ya pili alipangiwa kumsaidia Alan Turing, aliyekuwa akichora mpango wa kompyuta iliyoitwa ACE. Turing alikuwa na kipaji kisicho na mfano na tabia moja iliyowapa tabu wenzake: alipenda kulifikiria kila jambo upya tangu mwanzo bila kusoma waliyoyaandika watu wengine.

Wakati huo wanahisabati wengi walikuwa wamekata tamaa na ile njia ya kufuta herufi moja baada ya nyingine. Mwaka 1943 Harold Hotelling, mwanatakwimu wa Marekani, alikuwa amepiga hesabu kwamba katika hali mbaya kabisa kosa linaweza kuongezeka mara nne kwa kila herufi inayofutwa. Kwa milinganyo 18 hiyo ni 4 ikizidishwa yenyewe mara 17, zaidi ya bilioni 17. Mtu anayefanya kazi kwa desimali 10 hangebakiwa na tarakimu hata moja ya kuamini. Na kama milinganyo 18 haifanyiki, kuna haja gani ya kujenga kompyuta itakayoshughulikia milinganyo 100?

Milinganyo 18 ikaletwa Teddington. Watu walioketi kuitatua walikuwa wanne: Leslie Fox, Charles Goodwin, Turing na Wilkinson. Njia hiyo kwa milinganyo 18 inadai karibu mara 2,000 za kuzidisha, na kila moja inaishia kwa kufupisha tarakimu. Turing hakuwa na hamu nayo. Hakuwa fundi wa mashine ya mezani, na aliamini kwamba kazi ingeharibika. Wakaikamilisha. Tena namba ya mwisho ilisinyaa hadi karibu na 0.0001, na tena majibu yaliporudishwa kwenye milinganyo ya mwanzo yakakubali mpaka desimali ya 10. Waliporudia kuyanoa majibu waligundua kwamba yale ya awali yalikuwa sahihi kwa karibu tarakimu sita. Turing alikuwa ameshindwa mchana kweupe. Sifa yake ni kwamba alikwenda kutafuta sababu, na mwaka 1948 akachapisha makala kuhusu makosa ya kufupisha tarakimu ambayo inasomwa hadi leo.

Sababu yenyewe niieleze kwa mfano mdogo ambao msomaji anaweza kuufanya kwa kalamu. Chukua milinganyo hii miwili:

0.0001x + y = 1
x + y = 2

Jibu la kweli ni x na y ambazo zote mbili zinakaribia sana 1. Sasa jifanye una mashine isiyoweza kushika zaidi ya tarakimu tatu. Ukianza na mlinganyo wa kwanza, unauzidisha mara 10,000 ili x zilingane, unapata x + 10,000y = 10,000. Ukiutoa kwenye wa pili, unabaki na −9,999y = −9,998. Mashine yako ya tarakimu tatu inaziona zote mbili kuwa −10,000, kwa hiyo inasema y = 1. Unarudi kwenye mlinganyo wa kwanza: 0.0001x = 1 − 1, yaani sifuri. Mashine inakupa x = 0. Jibu hilo ni uharibifu mtupu.

Sasa badilisha utaratibu tu. Anza na mlinganyo wa pili, ambao x yake ina namba kubwa mbele. Uzidishe kwa 0.0001, uutoe kwenye wa kwanza, utapata 0.9999y = 0.9998. Mashine inaziona zote mbili kuwa 1, inasema y = 1. Ukirudi kwenye mlinganyo wa pili, x = 2 − 1, yaani 1. Mashine ni ile ile, tarakimu ni zile zile tatu, na jibu ni zuri. Siri ya wale wanne wa Teddington ilikuwa hapo: kila hatua walitafuta namba iliyo kubwa kuliko zote zilizobaki wakaanzia kwayo, na hivyo hawakulazimika kamwe kuzidisha kwa namba kubwa inayozimeza nyingine.

Hadi hapo ni ufundi, na mafundi wenzake waliujua. Jambo lililompa Wilkinson jina ni namna alivyouliza. Watu wote walikuwa wakiuliza: jibu hili liko umbali gani kutoka kwenye jibu la kweli? Swali hilo ni gumu, kwa sababu jibu la kweli hulijui. Ungelijua usingehangaika kukokotoa. Wilkinson aligeuza mkono. Aliuliza: jibu hili tulilolipata, ni jibu kamili la swali lipi?

Rudi kwenye mfano wetu. Chukua jibu bovu, x = 0 na y = 1, uliweke kwenye mlinganyo wa pili: 0 + 1 = 1. Sisi tulitaka 2. Ili jibu hilo liwe kweli, ingebidi ile 2 igeuzwe iwe 1. Hapo tumejibu swali la mtu mwingine. Chukua jibu zuri, x = 1 na y = 1. Mlinganyo wa pili unakubali sawasawa. Wa kwanza unatoa 1.0001 badala ya 1. Basi jibu letu ni jibu kamilifu, lisilo na kosa hata chembe, la swali linalotofautiana na la kwetu kwenye desimali ya nne. Na kama ile 1 ililetwa kutoka porini kwa utepe wa chuma, hakuna mpimaji atakayesimama mahakamani aape kwamba haikuwa 1.0001.

Nilipolielewa jambo hili, nikiwa mtu mzima mwenye bikoni nyingi nyuma yangu, nililaza kitabu mezani nikatoka nje kupunga upepo. Tulikuwa tumefundishwa kuiona hesabu kama kitu kitakatifu na vipimo kama kitu chenye dosari, viwili vinavyokaa vyumba tofauti. Wilkinson aliviweka mezani pamoja. Kosa la mashine alilisukuma nyuma hadi kwenye vipimo vyenyewe, akalipima kwa kipimo kile kile tunachopimia utepe na jicho. Likiwa dogo kuliko kosa la vipimo, mashine haina hatia. Likizidi hapo, mashine au njia ndiyo yenye lawama.

Wazo hilo lina wazazi wengine. Makala ya Turing ya 1948 ina mbegu zake, na vivyo hivyo kazi ya John von Neumann na Herman Goldstine ya 1947 na ya Wallace Givens katika miaka ya 1950. Ila ni Wilkinson aliyelichukua akalipitisha kwenye njia moja baada ya nyingine, miaka nenda rudi, akionyesha ni zipi za kuaminika na ni zipi za kutupwa. Hakuficha mianya. Kwa njia ya kufuta herufi, alionyesha kwamba utaratibu wa kawaida unaotumiwa na kompyuta unaweza, katika hali mbaya kabisa, kuzikuza namba maradufu kila hatua, akatoa na mfano wa milinganyo inayofanya hivyo. Akaongeza kwamba katika kazi halisi hali hiyo karibu haitokei. Kwa nini haitokei, wanahisabati wanaendelea kuumiza vichwa hadi leo.

Tumrudie Turing na kompyuta yake. Mipango ya ACE ilikwama kwenye urasimu, Turing akachoka akaondoka, na mwaka 1948 akaenda Manchester. Wilkinson ndiye aliyebaki na kikosi kidogo cha wanahisabati. Walikubaliana na wahandisi wa elektroniki wajenge mashine ndogo ya majaribio, na wanahisabati wenyewe wakashika vyuma vya kulehemu risasi wakaunga nyaya. Tarehe 10 Mei 1950 mashine hiyo, iliyoitwa Pilot ACE, iliendesha programu yake ya kwanza, programu fupi ya kuwasha taa zifuatane. Kumbukumbu yake ilikuwa mirija ya zebaki ambamo namba zilizunguka kama mawimbi ya sauti, na mwanzoni ilishika namba 128 tu, baadaye 352. Simu ya kitochi ya leo ingeicheka. Matriki kubwa, yaani jedwali la namba kama zile zilizo mbele ya herufi za milinganyo, haikuenea humo, kwa hiyo majibu ya katikati yalitoka nje yakiwa matundu kwenye kadi, na mtu akazirudisha kadi hizo ndani kwa mkono. Mashine hiyo sasa imehifadhiwa kwenye Jumba la Makumbusho ya Sayansi, London.

Ni kwenye Pilot ACE ndipo Wilkinson alipopata pigo ambalo baadaye alilitaja kuwa baya kuliko yote katika kazi yake. Alitaka kujaribu programu ya kutafuta mizizi ya polinomia, yaani thamani za x zinazoifanya polinomia iwe sifuri. Kwa jaribio alichagua ambayo mizizi yake inajulikana tangu mwanzo: (x − 1) mara (x − 2) mara (x − 3), hivyo hadi (x − 20). Mizizi ni 1, 2, 3 hadi 20, imepangana kwa nafasi sawa, haigusani. Nani angeogopa? Akaifungua mabano, akaipa mashine. Majibu yakaja ovyo. Akakagua programu akitafuta kasoro yake mwenyewe, na programu ilikuwa nzima.

Kasoro ilikuwa kwenye polinomia. Ukiifungua, namba iliyo mbele ya x kwa kipeo cha 19 ni −210, na ile ya mwisho kabisa isiyo na x ni 2,432,902,008,176,640,000. Wilkinson alionyesha kwamba ukiigusa ile 210 kwa kuongeza 0.00000012 tu, mzizi wa 20 unaruka hadi karibu 20.85, na mizizi 10 kati ya 20 inauhama kabisa mstari wa namba za kawaida na kuwa namba changamano. Hapa mashine haikuwa na hatia wala njia haikuwa na hatia. Swali lenyewe, likiandikwa kwa sura hiyo, lilikuwa likitetemeka kwa kuguswa tu.

Mpima ardhi hapo anatikisa kichwa, maana anaujua ugonjwa huo kwa jina lingine. Ukitaka kuipata nukta mpya kwa kuilenga kutoka bikoni mbili, mistari yako miwili ikikatana kwa pembe pana, kosa dogo la kulenga linaisogeza nukta sentimita chache. Mistari ikikatana kwa pembe nyembamba, karibu ilale sambamba, kosa lile lile linaitupa nukta mbali sana. Ndiyo sababu tulikatazwa pembetatu zenye pembe chini ya nyuzi 30. Pembetatu nyembamba haiponi kwa theodolaiti ya bei kubwa. Inapona kwa kuchagua bikoni nyingine.

Na Wilkinson alichagua bikoni nyingine. Wahandisi wa ndege na madaraja wanahitaji kujua mtambo wao unatetemeka kwa mwendo upi, kwa sababu bawa linaloanza kutetemeka kwa mwendo wake wa asili linaweza kukatika. Namba za mitetemo hiyo huitwa thamani za aigeni za matriki. Vitabu vya zamani vilifundisha kuzipata kwa kutengeneza kwanza polinomia kisha kutafuta mizizi yake, yaani kuupeleka mtambo mzima kwenye pembetatu nyembamba kwa makusudi. Baada ya Wilkinson njia hiyo ilikufa. Leo kompyuta huigeuzageuza matriki hatua kwa hatua kwa namna isiyokuza makosa, mpaka thamani hizo zijitokeze zenyewe. Na programu nyingi zikipewa polinomia ya kutafuta mizizi, huifanya kwanza kuwa matriki. Safari imegeuzwa kichwa chini miguu juu.

Aliyaweka haya katika vitabu viwili, kimoja cha 1963 kuhusu makosa ya kufupisha tarakimu, na kingine cha 1965 kuhusu thamani za aigeni, chenye kurasa zaidi ya 600. Hiki cha pili si kitabu cha kulalia. Kinadai penseli na subira. Mwaka 1971 yeye na Mjerumani Christian Reinsch walitoa mkusanyo wa programu zilizojaribiwa na kuhakikiwa, zikiwa zimeandikwa kwa lugha ya Algol. Kwa maoni yangu mkusanyo huo umewafaa watu wengi kuliko nadharia zake zote. Wamarekani wa maabara ya Argonne walizihamishia programu za thamani za aigeni kwenye lugha ya Fortran wakaziita EISPACK, ikafuata LINPACK kwa ajili ya milinganyo. Cleve Moler, aliyekuwa akifundisha New Mexico, alitaka wanafunzi wake wazitumie bila kujifunza Fortran, akaandika programu aliyoiita MATLAB. Mwaka 1992 EISPACK na LINPACK zikarithiwa na LAPACK. Mwanafunzi wa uhandisi wa Dar es Salaam, Kampala au Nairobi anayeandika mstari mmoja wa lugha ya Python kutatua milinganyo 1,000, kazi yake inashuka hadi LAPACK na kufanyika huko, kwa mbinu ambazo usalama wake ulithibitishwa kwanza Teddington.

Heshima zilimfikia akiwa hai. Mwaka 1969 aliingizwa kwenye Royal Society, jumuiya ya wanasayansi ya Uingereza, na mwaka 1970 akapewa Tuzo ya Turing, iliyobeba jina la bosi wake wa zamani. Katika hotuba yake ya kuipokea aliisimulia ile hadithi ya milinganyo 18. Katika miaka ya mwisho alikuwa akienda kufundisha Stanford kwa vipindi. Aliendelea kuandika, na makala yake ya 1984 kuhusu ile polinomia ya mizizi 20 ilipata Tuzo ya Chauvenet mwaka 1987. Hakuwapo kuipokea, alikuwa amefariki tarehe 5 Oktoba 1986, akiwa na miaka 67. Siku hizi zipo tuzo mbili za kimataifa zenye jina lake, moja ya utafiti na moja ya programu za ukokotoaji, zote zikiwalenga wanaoanza kazi.

Ninalo ombi moja kwa walimu wa hisabati wanaosoma ukurasa huu. Wapeni wanafunzi wenu ile milinganyo miwili niliyoiandika hapo juu, wakataze kuandika zaidi ya tarakimu tatu, kisha waacheni nusu ya darasa waanze na mlinganyo wa kwanza na nusu waanze na wa pili. Yatakapotoka majibu mawili, msiwaambie lipi ni sahihi. Waambieni warudishe kila jibu kwenye milinganyo waone limejibu swali lipi. Kipindi kimoja kinatosha, na hakihitaji umeme.